Chupa ya Chai na Mbinu ya Kulala Chali

Jumatatu, 3 Juni 2013
Tunduma

Mama Edina,

Leo nimeiona tena chupa yako. Kaka yako Gasper alikuja nayo ghalani, akaiweka juu ya mahindi, kando ya koti lake. Ile ile nyekundu yenye maua meupe. Gunzi lako bado liko mdomoni, na kile kitambaa cha kitenge ulichokizungushia. Nilikuwa nashona mdomo wa gunia. Nikajichoma sindano. Damu kidogo tu.

Misa yako ya mwaka ni Jumamosi ya tarehe 22. Ikishapita hiyo, chupa ni ya kaka yako moja kwa moja.

Niandike ilivyokuwa, maana wewe hukuwepo. Siku ya kuanua tanga Gasper alifanya utani wa shemeji kama inavyotakiwa. Alivaa kitenge chako, akafunga kilemba, akaanza kunigombeza kwa sauti yako eti nimeingia ndani na viatu vya matope. Watu walicheka mpaka wakalia. Hata mimi. Mwishoni akainyakua chupa mezani. Akatangaza kwamba hii ni ya dada, na mimi nikiitaka nimweke mgongo chini kabla mwaka haujaisha.

Unajua kwetu. Shemeji akichukua kitu kwa utani, hakiombwi wala hakinunuliwi. Ukiomba umemfanya mgeni. Kitu hicho kinashindaniwa basi.

Tatizo ni kwamba Gasper anabeba gunia begani huku anasimulia mpira. Mimi upepo wa Juni ukivuma nashika mlango. Ndiyo sababu nimekaa kimya mwaka mzima.

Lakini chai ya chupa nyingine haina ladha. Kizibo kilipopotea stendi ya Vwawa ulisema gunzi litatufaa kwa muda, mpaka tupate kingine. Hatukutafuta kingine. Chai yetu ikanukia mahindi miaka yote. Ulikuwa unaitikisa chupa sikioni asubuhi, unaniambia imebaki ya mtu mmoja, halafu unanimiminia mimi.

Nimeamua. Nitaishinda. Namna gani, sijui bado.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa kwanza ulikuwa Edina. Nilimwomba aende kumsalimia mjomba wake, arudi na chupa chini ya kanga. Akaniuliza kama nataka amwibie mjomba ili tumwombee mama. Akasema kama ni mieleka, baba upigane mieleka. Kisha akaendelea kuchambua maharage. Amechukua kidevu chako, na maneno ya kidevu hicho pia.

Mpango wa pili umekuja wenyewe! Mercy, yule dada anayebadilisha kwacha karibu na geti la mpaka, alileta gunia lake nilizibe tundu. Nikaona ana alama nyekundu shingoni. Nikampa pole, nikidhani ni vibaka. Akacheka. Akasema ni mazoezi. Anajifunza jiu-jitsu ya Kibrazili, mieleka ya kukabana, kwa Amoni, karani wa ofisi ya forodha ya watu binafsi, aliyewahi kukaa Lusaka. Wanafanyia kwenye stoo tupu nyuma ya soko. Mercy alianza baada ya kunyang'anywa pochi. Tangu hapo amenyang'anywa mara nyingine, lakini safari hii pochi ilirudi na aliyeichukua alichechemea.

Akasema katika mchezo huo mtu mdogo anamshinda mtu mkubwa. Nikauliza mdogo kiasi gani. Akanitazama kuanzia viatu. Akasema hata huyu.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya kwanza. Sakafuni wametandika viroba vilivyojaa pumba. Mishono mibaya! Sikuweza kuvumilia. Nilirudia kushona viwili kabla hata sijasalimia.

Amoni ni kijana mpole, mrefu, ananiita bamdala kama wanavyowaita wazee huko ng'ambo. Aliniuliza nimefuata nini. Nikasema afya. Mercy akasema chupa ya chai. Stoo nzima ikacheka.

Tulianza na kutoka chini ya mtu. Mercy alinikalia kifuani. Nilitakiwa kuinua kiuno juu kama daraja ili apoteze mizani. Nikainua. Mercy hakupoteza chochote, alikuwa anafunga kilemba vizuri. Halafu kuna mwendo wa kujisukuma kwa kisigino, kiuno kinarudi nyuma, mgongo unajikunja, unateleza sakafuni kidogo kidogo. Amoni anauita mwendo wa funza. Nilifika mpaka ukutani upande wa pili, nikajisifu. Nikaambiwa tulikuwa tunakwenda upande mwingine.

Ukizidiwa unamgonga mwenzako kwa kiganja, pap pap, anakuachia papo hapo. Huo ni ustaarabu mkubwa. Niligonga mara nyingi. Mara moja niligonga kabla Mercy hajanishika.

Amoni anataka koti zito lenye ukosi, kwa sababu mnakamatana nguo. Koti sina. Lakini magunia ya katani ninayo.

Jumanne, 11 Juni

Koti limekwisha. Katani tupu, mshono mara mbili, ukosi mara tatu. Halichaniki hata kwa panga. Nilijivuna sana njiani.

Linawasha! Shingo yote imekuwa kama imepitiwa na upupu. Na halikunifaa. Mercy aliukamata ukosi kwa mikono miwili, akakunja vifundo vya mikono, nikaona nyota. Ukosi wa wengine huwa unalegea. Wangu haukulegea. Amoni akawaita wote waje watazame ukosi mzuri unavyofanya kazi. Akamwambia Mercy arudie, taratibu, ili waliokuwa nyuma waone.

Mercy alinisifu mshono. Ameniomba nimshonee na yeye. Nimekataa.

Ijumaa, 14 Juni

Leo ni siku kubwa. Nimeipata mbinu yangu!

Amoni alitaka kwanza anifundishe kumwangusha mtu mkiwa mmesimama. Unaingia chini yake, unashika nyuma ya magoti, unamsukuma kwa bega. Nilijaribu kwa Amoni. Alibaki amesimama, akaniuliza kama nimeshaanza. Mgongo ukaniuma. Nikaomba nipumzike.

Wakati napumzika, akawaonyesha wengine kitu kingine. Unalala chali mwenyewe. Mwenyewe! Hakuna aliyekuangusha. Unamfunga mwenzako kiunoni kwa miguu, vifundo unavipishanisha nyuma yake, unamvuta kichwa kifuani kwako. Hapo hawezi kukupiga, hawezi kuondoka, nguvu zake zote zinakwenda bure. Wanaiita gadi. Amoni akasema, mkiwa chini hamjashindwa, chini ndiko kazi inakoanzia.

Nilisimama. Nikaomba zamu. Nikalala chali, nikamfunga Mercy. Mercy akasukuma, akajikunja, akanikandamiza mbavu. Hakutoka! Alinigonga mwishoni. Sababu aliyotoa ni kwamba koti linamwasha, lakini alinigonga.

Mama Edina, miaka yote nimekuwa mtu wa kulala chini, na sikujua kwamba ni kipaji. Unakumbuka ulivyokuwa unapita na ufagio, unaniambia nipishe? Ningekufunga kwa miguu.

Amoni ameniuliza pambano lenyewe lina sheria gani. Nikasema mieleka ya kawaida, ya nyumbani. Akasema basi bamdala, turudi kwenye ile ya kusimama. Nikasema mgongo.

Jumatatu, 17 Juni

Nimemweleza Edina mbinu. Nililala chali jikoni, nikaufunga mguu wa meza, nikamwonyesha. Uji ulimwagika kidogo.

Akaniuliza mjomba alisemaje siku ile. Nikasema alisema nimweke mgongo chini. Akauliza, na ukitangulia wewe kuweka mgongo chini? Nikamwambia huo ni mchezo wa Kibrazili, una elimu yake. Akasema mjomba hajawahi kufika Brazili.

Watoto wa siku hizi hawana subira na mambo ya kitaalamu.

Nimemwendea Gasper ghalani. Nikamwambia, shemeji, Jumamosi baada ya misa, uani kwangu. Alikuwa na gunia begani. Hakulitua. Akasema shemeji, waage vizuri watoto. Kisha akacheka hadi gunia likaruka. Akaniuliza kwa nini najikuna.

Alhamisi, 20 Juni

Mpango wa nyongeza, wa kuhakikisha ushindi. Kumchosha.

Nilimwendea Lusubilo, msimamizi wa ghala. Nikamweleza kwamba kuna lori la Zambia linasubiri mahindi, na kikosi cha Gasper ndicho kinachofaa kulipakia, leo na kesho. Lusubilo alishangaa, maana mimi huwa sisemi. Akakubali. Nikarudi kwenye kigoda changu nikipiga mluzi.

Mahindi yakaanza kuja. Nilikuwa nimesahau jambo moja. Gunia halipakiwi kabla halijashonwa mdomo. Anayeshona midomo ni mimi.

Nimeshona tangu asubuhi. Mikono imekuwa kama mikate. Jioni hii nashindwa kufungua fundo la kamba ya kiatu, na Amoni alisema gadi bila mkono wa kushika ni kumkumbatia mtu tu. Kesho nusu ya lori bado.

Gasper amefurahi sana na kazi. Anasema mwili ulikuwa umeanza kulala.

Jumamosi, 22 Juni

Nitaandika polepole, kalamu inaniteleza.

Misa yako ilikuwa nzuri. Padre alitamka jina lako sawasawa, Restuta, si kama yule wa mwaka jana. Shangazi Ketrina alikuja kutoka Iyula na ndizi. Uani walijaa. Mercy na Amoni walikuja pia, Mercy amevaa gauni, sikumtambua.

Baada ya chakula katekista Anania alisimama. Akasema kuna shauri la utani limebaki, na lisimalizwe gizani. Gasper akaileta chupa, akaiweka juu ya kinu chako kilichofunikwa. Watu wakapanga duara. Nikavaa koti langu. Shangazi Ketrina akauliza kwa sauti kwa nini baba Edina amevaa gunia.

Anania akatamka sharti, ili wote wasikie. Mgongo wa yeyote ukigusa chini, huyo ameshindwa. Nililisikia kabisa. Lakini mimi nilikuwa nawaza vifundo vya miguu.

Akasema anzeni.

Nikalala chali.

Wanawake wakapiga vigelegele. Wapakiaji wakapiga mluzi. Anania akanyanyua mkono wa Gasper. Gasper mwenyewe alikuwa hajaondoa mkono mfukoni. Akainama kunitazama, akauliza, shemeji, umeanguka nini?

Alipoinama nikamfunga. Sawasawa! Miguu nyuma ya kiuno, kichwa kifuani kwangu. Vidole vilikuwa havishiki, nikatumia viwiko. Ndani ya duara nilimsikia Mercy anasema afadhali umwambie, na Amoni anajibu, mwache kwanza, bamdala ameifunga vizuri.

Anania akasema imekwisha, baba Edina, imekwisha. Nikasema haijaisha mpaka agonge. Gasper akauliza agonge nini. Nikasema agonge.

Hakujua. Akafanya anachojua, akasimama. Nikapanda naye. Nilikuwa nimeng'ang'ania kwa mbele kama mtoto wa nyani. Akatembea nami. Akawasalimu wageni nikiwa hapo. Mtu akampa maji akanawa. Shangazi Ketrina akampa mkono akasema poleni na uchovu. Edina alijifunika uso na kanga, mabega yanatikisika. Nikamwambia Gasper sikioni kwamba anapoteza nguvu. Akasema ni kweli, shemeji, nimekwisha.

Akazunguka nyuma ya jiko, ambako hapakuwa na watu, akakaa kwenye tofali. Nilibaki nimefunga. Akasema, taratibu, kwamba dada alikuwa ananing'inia hivi hivi. Utotoni, wakienda kuchuma kahawa, walipofika kijitoni alikuwa anakataa kukanyaga maji, anamrukia kifuani, anafunga miguu, na hata wakishavuka hashuki. Anasema bado kuna maji.

Halafu akaniegemezea kichwa begani. Nikasikia kifua chake kinaruka. Nikafikiri amekosa pumzi, nikafurahi kwamba mbinu inafanya kazi. Kisha shingo yangu ikalowa, hapo penye vipele.

Nikafungua miguu.

Tukakaa. Akaenda akaleta chupa. Akaniambia niitikise sikioni. Nikaitikisa kama ulivyokuwa unafanya. Ikalia chwa chwa chwa. Kioo cha ndani kimepasuka tangu wakati wa Krismasi. Lori alilopanda lilipita kwenye shimo karibu na Mlowo. Hakumwambia mtu. Amekuwa anakwenda nayo kazini tupu, anaiweka mahali anapoiona, jioni anarudi nayo.

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema ningeacha kuidai.

Chupa ni yake. Alishinda, kila mtu ameona. Lakini alilichomoa gunzi, akalitazama, akasema siku ile alitangaza chupa. Gunzi hakulitaja. Akalitia mkononi mwangu. Vidole vyangu havikuweza kulishika vizuri, akavikunja yeye.

Linanukia chai.

Jumapili, 23 Juni

Amani. Nimelala mpaka jua limetoka. Edina amenipaka mafuta shingoni. Nimeliweka gunzi dirishani, upande wako wa kitanda. Nimelijaribu kwenye chupa yetu mpya. Ni dogo, limetumbukia ndani, Edina amelivua kwa kijiko. Chai ilikuwa na vipande vya kitambaa. Nimeinywa yote.

Mtu anatakiwa kujua akiwa ameshapata. Nimepata. Nimemwambia Edina mambo ya mieleka yamekwisha, na koti nitalikata niwe nalipigia magoti nikisali.

Jumapili, 30 Juni

Mama Edina, lipo jambo.

Gasper alikuja baada ya misa kula nasi. Alikuja na chupa tupu, akaiweka mezani mahali pake pa zamani. Mdomo wa chupa ulikuwa wazi. Ilionekana vibaya sana hivyo, kama mtu aliyetaka kusema kitu. Na mimi nina gunzi lisilo na chupa. Nilitazama kimoja, nikatazama kingine, nikasikia mdomo wangu unamwambia shemeji, turudie.

Alikaa wima. Sijamwona na furaha namna hiyo tangu uondoke. Akaniuliza nitaweka nini, maana utani mpya unataka kitu kipya. Nikaenda chumbani. Nikaweka gunzi.

Edina alitoka nje, akasikika anaongea na kuku.

Tumepanga Jumamosi ya tarehe 13, uani kwangu tena, Anania ameshaambiwa. Gasper ameondoka na chupa kwapani anaimba. Mimi nimekwenda kwa Amoni na koti. Akasema safari hii bamdala tuanze na kumwangusha, kusimama, siku zote zilizobaki, hakuna mgongo. Nikamsikiliza vizuri mpaka mwisho. Anafundisha vyema yule kijana.

Lakini nimefikiri njiani, na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Nilichelewa. Nilisubiri Anania aseme anzeni, Gasper akapata nafasi ya kusimama vizuri. Safari hii nitalala chali mapema, kabla hajasema.

Huko uliko, nikumbuke Jumamosi hiyo, mchana.

Mume wako,
Jairo